Safari ya Siku Moja katika Mji wa Córdoba
Somo kwa walimu, wanafunzi na wazee wa miji

Wahenga walisema, Tembea uone. Lakini si kila atembeaye huona. Wako watu waliokwenda nchi za mbali wakarudi na habari za ukubwa wa majumba na bei ya vitu. Na ukiwauliza ni nani aliyeyajenga majumba yale, na kwa sababu gani, hunyamaza. Safari ya namna hiyo huchosha miguu, lakini haiongezi elimu.

Leo nataka kuwaeleza, wasomaji wapenzi, safari ya siku moja aliyoifanya mwana wa ndugu yangu, ambaye ni mwanafunzi wa historia katika mji wa Sevilla, nchi ya Hispania. Aliniandikia barua ndefu, nami nimeongeza humo tarehe na maelezo ya mambo ya kale ili barua iwe somo.

Kabla hajaondoka kwetu nilimpa maswali matatu. Nilimwambia, "Mwanangu, ukifika mbele ya nyumba yo yote ya kale, iwe ya ibada au ya ufalme, usitoke mpaka umeyajibu haya: Ni nani aliyeijenga? Ni nani aliyeichukua? Ni nani aliyeitunza?" Nyumba moja yaweza kuwa na majibu mengi, kama mtakavyoona.

MTO NA DARAJA

Córdoba iko upande wa kaskazini-mashariki ya Sevilla, na treni ya mbio hufika kwa muda wa dakika 45 hivi. Kijana aliondoka asubuhi mapema pamoja na mwanafunzi mwenziwe, mtu wa Moroko, Mwislamu. Yeye mwenyewe ni Mkristo, amebatizwa na kulelewa katika misheni kama mimi. Nataja dini zao kwa kuwa jambo hilo litakuwa na maana mbele.

Walianza mtoni. Mto huo huitwa Guadalquivir, na yule Mmoroko alicheka aliposoma jina lake, maana ni Kiarabu, al-wadi al-kabir, yaani mto mkubwa, ila ndimi za Wahispania zimelibadili kidogo. Juu yake lipo daraja la mawe lenye matao 16. Warumi ndio waliolijenga kwanza, walipoufanya mji huu kuwa makao makuu ya jimbo lao la Baetica. Baadaye Waislamu wakalitengeneza, kisha Wakristo wakalitengeneza tena na tena, hata mawe ya Kirumi yaliyosalia ni machache. Juu ya daraja imesimama sanamu ya Malaika Rafaeli, iliyowekwa mwaka 1651.

Hapo kijana aliandika hivi: "Baba mdogo, swali lako la tatu ni jepesi hapa. Daraja hili halikutunzwa kwa sababu ya mapenzi. Lilitunzwa kwa sababu kila atawalaye, dini yake iwe ipi, ana haja ya kuvuka mto. Nimejiuliza itakuwaje kwa nyumba ambayo mtawala mpya hana haja nayo."

MSIKITI WA NGUZO NYINGI

Toka darajani mpaka nyumba kubwa ya mji ni mwendo mfupi. Ili kuifahamu nyumba hiyo yafaa tukumbuke historia yake.

Mwaka 711 jeshi la Waislamu, likiongozwa na Tariq bin Ziyad, lilivuka mlango wa bahari toka Afrika likaingia Hispania. Mlima aliofikia hata leo huitwa Gibraltar, yaani Jabal Tariq, mlima wa Tariq. Mwaka 750 ukoo wa Umayya uliokuwa ukitawala Dameski uliangushwa na ukoo wa Abbas, na wana wake wengi wakauawa. Kijana mmoja wa ukoo ule, Abd al-Rahman, alikimbia akapita Afrika ya Kaskazini, akafika Hispania mwaka 755, na mwaka uliofuata akawa amiri wa Córdoba. Karibu na mwisho wa maisha yake, mwaka 785 au 786, alianza kujenga msikiti mkuu. Waliomfuata katika utawala waliuongeza mara tatu, mpaka ukawa na urefu wa mita 180 hivi na upana wa mita 130 hivi, pamoja na ua wake, ambao siku hizi una michungwa.

Fundi wa kwanza alikuwa na shida moja. Nguzo alizopewa zilikuwa nguzo kuukuu, zilizotolewa katika majengo ya Warumi na ya Wakristo wa kale, nazo zilikuwa fupi, wala si sawa kwa kimo. Nyumba pana yenye dari ya chini huwa na giza na joto. Basi fundi akafanya jambo la akili sana. Juu ya kila nguzo alisimamisha nguzo nyingine ya mawe, kisha akaziunganisha kwa matao mawili, moja juu ya jingine. Tao la chini lazishika nguzo zisiyumbe. Tao la juu labeba dari. Nayo matao aliyajenga kwa jiwe jeupe na matofali mekundu, kwa zamu. Hivyo upungufu wa vifaa ulileta uzuri ambao haukupata kuonekana. Nguzo zilizosalia leo ni 856. Mafundi wetu wa kujenga na wazingatie jambo hilo.

Upande wa kibla iko mihrabu iliyopambwa wakati wa Khalifa al-Hakam wa Pili, miaka ya 960, kwa vijiwe vidogo sana vya rangi na vya dhahabu. Wanahistoria wa Kiarabu husimulia ya kuwa Kaizari Mkristo wa Constantinople ndiye aliyempelekea khalifa vijiwe hivyo pamoja na fundi wa kuvipanga. Basi mahali patukufu kuliko pote katika msikiti ule pana kazi ya mkono wa fundi wa Kikristo.

HABARI YA KENGELE

Watu wasidhani ya kuwa siku zile zilikuwa siku za amani tupu. Mwaka 997 al-Mansur, waziri mwenye nguvu wa Córdoba, alikwenda vitani mpaka Santiago de Compostela, pembe ya kaskazini-magharibi ya Hispania, mahali ambapo Wakristo huhiji kaburi la Mtume Yakobo. Aliuteketeza mji, akazichukua kengele za kanisa. Wanahistoria wa kale wasema ya kuwa mateka wa Kikristo walilazimishwa kuzibeba mpaka Córdoba, na huko zikageuzwa kuwa taa za msikiti.

Ikapita miaka 239. Mwaka 1236 Mfalme Ferdinand wa Tatu wa Castilla akaushinda mji wa Córdoba. Akaamuru kengele zile zirudishwe Santiago, na safari hii zikabebwa na mateka wa Kiislamu.

"Tuliposoma habari hizi," aliandika kijana, "mimi na rafiki yangu tulitazamana. Kila mmoja alikuwa na mzigo wake mabegani. Hatukusema neno kwa kitambo." Nami nasema, hesabu ya visasi haimalizwi na yule anayelipa mwisho, maana yule aliyelipwa huanza kuhesabu upya.

KANISA NDANI YA MSIKITI

Mwaka ule ule wa 1236 msikiti uliwekwa wakfu kuwa kanisa kuu la askofu. Kwa muda wa miaka karibu 300 Wakristo walisali humo bila kuharibu sana. Walijenga altare na makanisa madogo ya pembeni, wakaziacha nguzo nyingi zisimame. Lakini mwaka 1523 Askofu Alonso Manrique alitaka kujenga kanisa refu la juu katikati ya jengo. Baraza la mji, ambao wote walikuwa Wakristo, lilikataa. Lilitoa amri ya kuwa fundi ye yote atakayegusa kazi ya kubomoa atauawa. Shauri likapelekwa kwa Mfalme Karolo wa Tano, naye akampa askofu ruhusa. Kazi haikuisha mpaka mwaka 1607. Husimuliwa ya kuwa mfalme alipokuja kuitazama mwenyewe alijuta, akawaambia waliojenga kwamba wamejenga kitu kilichoko po pote, wakaharibu kitu ambacho hakiko mahali pengine duniani. Ikiwa alisema hivyo ama hakusema, maneno hayo yamekuwa mithali.

Hata mnara wa kuadhinia haukubomolewa wote. Tangu mwaka 1593 ulianza kuvikwa mnara mpya wa kengele, hata leo sehemu ya mnara wa kale imo ndani ya ule mpya, kama kokwa ndani ya embe.

Sasa sikilizeni kijana aliyoyaona moyoni mwake. "Baba mdogo, nilipotoka katika giza la nguzo nikaingia katika mwanga wa kanisa lile refu, nilitaka kufurahi, maana ni nyumba ya dini yangu, nayo ni nzuri kweli. Lakini nilijiona kama mtu aliyekaribishwa kula chakula cha mtu mwingine. Rafiki yangu alikwenda mbele ya mihrabu. Sheria ya mahali hapa hairuhusu sala ya Kiislamu, naye aliitii; alisimama tu, mikono chini, macho yakitazama juu. Nilimwuliza anafikiri nini. Akanijibu, 'Nafikiri kwamba kama wasingeigeuza kuwa kanisa, huenda wangeibomoa yote, nami nisingekuwa na kitu cha kutazama. Nashukuru, nami nasikitika. Yote mawili ni kweli.'"

Waislamu wa Hispania wamepata kuomba ruhusa ya kusali humo, nao hawakupewa. Wakuu wa Kanisa hujibu kwamba nyumba ni kanisa kuu tangu mwaka 1236, na ibada humo ni ya Kikatoliki. Mimi sikuandika somo hili ili nimhukumu mtu. Lakini nawaomba walimu wawaeleze wanafunzi pande zote mbili kwa heshima sawa, kama mzee wa baraza asikilizavyo mdai na mdaiwa kabla ya kufungua kinywa.

Tena jambo moja. Mwezi wa Agosti mwaka 2025 moto uliwaka usiku katika kanisa dogo moja la pembeni, dari yake ikaanguka. Wazima moto waliwahi, na jengo kubwa likasalimika. Basi hata kitu kilichoshinda vita vya miaka elfu chaweza kupotea kwa usiku mmoja kikikosa walinzi.

NYUMBA NDOGO YA WAYAHUDI

Baada ya adhuhuri vijana waliingia mtaa wa Wayahudi, wenye njia nyembamba na kuta nyeupe. Huko liko sinagogi dogo, chumba cha mita 7 kwa mita 6 na nusu hivi. Maandishi ya ukutani yasema ya kuwa Isaac Moheb ndiye aliyelijenga, na mwaka wake ni sawa na 1315 katika hesabu yetu. Angalieni: mwaka huo Córdoba ilikuwa chini ya mfalme Mkristo, na kuta zilipambwa kwa nakshi ya Kiislamu, na maandishi ni ya Kiebrania. Watu wa dini tatu wamekutana katika chumba kisichozidi darasa la shule.

Lakini mwaka 1492 mfalme na malkia wa Hispania, Ferdinand na Isabella, walitoa amri ya kuwafukuza Wayahudi wote waliokataa kubatizwa. Sinagogi likafanywa hospitali ya watu waliopatwa na ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Mwaka 1588 likapewa chama cha washona viatu, wakaliweka wakfu kwa mtakatifu wao. Maandishi yakafichwa chini ya lipu. Zikapita karne, hata mwaka 1884 lipu ilipobanduka herufi za Kiebrania zikaonekana tena, na mwaka uliofuata serikali ikalitangaza kuwa jengo la kumbukumbu ya taifa.

Hapo swali letu la tatu lapata jibu la ajabu. Ni nani aliyelitunza sinagogi? Ni washona viatu, ambao pengine hawakujua wanachokitunza. Lakini Wayahudi wenyewe hawakuwako kuliona. Kulinda kuta ni jambo jema. Kulinda watu ni jambo kubwa zaidi. Waislamu wa Hispania nao waliolazimishwa kubatizwa, wazao wao walifukuzwa kati ya mwaka 1609 na 1614. Mwaka 2015 Bunge la Hispania lilipitisha sheria ya kuwapa uraia wazao wa Wayahudi waliofukuzwa, na maombi yakapokewa mpaka mwaka 2019. Msamaha ulichukua zaidi ya miaka 500 kufika.

SANAMU TATU

Katika mtaa huo na kandokando ya ukuta wa mji wa kale ziko sanamu za watu watatu wenye elimu waliozaliwa Córdoba. Wa kwanza ni Seneca, Mrumi, aliyezaliwa miaka michache kabla ya Kristo. Wa pili ni Ibn Rushd, Mwislamu, kadhi na mganga, aliyezaliwa mwaka 1126, ambaye alifafanua vitabu vya Aristotle hata Wakristo wa Ulaya wakamfanya mwalimu wao. Wa tatu ni Musa bin Maimun, Myahudi, mganga na mwalimu wa sheria, aliyezaliwa yapata mwaka 1138.

Kijana alizilinganisha habari zao akaona jambo. Seneca alipelekwa uhamishoni Corsica mwaka 41, na mwaka 65 Kaizari Nero akamwamuru ajiue. Ibn Rushd alihamishwa mwaka 1195 na vitabu vyake vikachomwa moto, ingawa alisamehewa kabla ya kufa Marrakesh mwaka 1198. Musa bin Maimun alikuwa mtoto jamaa zake walipoikimbia Córdoba, baada ya watawala wapya wa Kiislamu toka Moroko, Wamuwahidi, kuuteka mji mwaka 1148. Akafa Misri mwaka 1204, akiwa mganga wa nyumba za wakuu.

"Basi wote watatu," aliandika, "waliteswa na wakubwa wa zamani zao, na leo watu wapiga picha miguuni pao." Enyi wenye mamlaka, mkumbuke: mwenye elimu mnayemchukia leo, huenda wajukuu wenu watamjengea sanamu.

CHAKULA NA MANENO

Walipotafuta chakula waliletewa mchuzi mzito wa baridi, uitwao salmorejo, uliopondwa kwa nyanya, mkate, vitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Kijana alipoisoma karatasi ya vyakula alistaajabu. Sukari kwa Kihispania ni azúcar. Zeituni ni aceituna. Zafarani ni azafrán. Limau ni limón. Mkuu wa mji huitwa alcalde, na neno hilo latoka katika neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi kadhi. Kiarabu kilikwenda magharibi mpaka Hispania, kikashuka kusini mpaka pwani yetu, na kila mahali kikaacha maneno. Hata wasafiri walikuwa wamoja: Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, baadaye, yapata mwaka 1350, alifika Granada, nchi hiyo hiyo ya Andalusia.

NA SISI JE?

Pengine msomaji atasema, "Habari za Córdoba zatuhusu nini sisi?" Nimekwisha kutaja mnara wa kengele ulioanza kujengwa mwaka 1593. Mwaka ule ule Wareno walianza kujenga Ngome ya Mombasa, iitwayo Fort Jesus, na mfalme aliyetawala Wareno siku zile alikuwa Philip wa Pili, mfalme wa Hispania. Ni nani aliyeijenga ngome ile? Wareno. Ni nani aliyeichukua? Waarabu wa Omani mwaka 1698, kisha Waingereza, walioifanya gereza tangu mwaka 1895 mpaka 1958. Ni nani aliyeitunza? Mwaka 1962 ilifunguliwa kuwa makumbusho, na watoto wa shule huingia wakajifunza mahali pale pale ambapo wengine walifungwa minyororo.

Si lazima kupanda treni ya mbio ili kusoma somo hili. Kila wilaya ina mahali pa kale: kaburi la chifu, mti wa baraza, msikiti wa mawe, kanisa la kwanza la misheni, mapango ya kujificha siku za vita. Tena kila wilaya ina mzee mmoja au wawili wanaojua majibu ya maswali yale matatu, na mzee hangoji lipu ibanduke. Akifa, amekwenda na majibu yake.

Kijana alimaliza barua yake hivi: "Tulirudi stesheni jioni. Rafiki yangu alinunua machungwa mawili akanipa moja. Tulikubaliana kwamba mwaka ujao nitakwenda naye kwao Moroko, naye aje kwetu aione Kilwa. Nitampa maswali yako, Baba mdogo, kabla hajapanda chombo."

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Kwa nini fundi wa Córdoba alijenga matao mawili, moja juu ya jingine?
2. Eleza habari ya kengele za Santiago. Je, visasi viliishia wapi, na kwa nini?
3. Baraza la mji lilikuwa la Wakristo, nalo lilikataa kanisa lisijengwe ndani ya msikiti. Waonaje, lilikuwa na sababu gani?
4. Taja mahali pa kale palipo karibu na shule yako. Ni nani aliyepajenga? Ni nani aliyepachukua? Ni nani anayepatunza sasa? Mwulize mzee, uandike majibu yake pamoja na tarehe ya siku uliyomwuliza.